Mchezo wa Watu Wawili

Mwakitolyo,
Jumapili, baada ya mvua ya kwanza.

Mpendwa dada Noela Kulwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimeanza hivyo makusudi, kwa sababu najua barua za wanovisi hupita kwanza mikononi mwa mlezi wenu, na nataka Sista Bernadina aone kwamba huku machimboni bado tunajua kusalimia. Shikamoo, Sista. Siku nyingine ningekuomba uishie hapo umpe mwenye barua barua yake, lakini safari hii soma tu mpaka chini, maana na wewe umo.

Dada, habari za huko? Habari za kuamka kabla ya jogoo? Na lile goti lako uliloliumiza tukichunga, linasemaje na hizo sala ndefu? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa kifua ambacho huku kila mtu anacho kwa ajili ya vumbi la makarasha. Mashine hizi zinasaga mawe tangu asubuhi, ukitaka kumwambia mtu jambo la maana inabidi umfuate mpaka sikioni. Ningekuambia pia kwamba nimenenepa, lakini Baba Mdogo ameniona, atakuambia ukweli. Yeye na Mama Mdogo wazima, wanakusalimu sana. Na hii ya kukuita dada, usivimbe kichwa. Nakuita kwa heshima ya shela tu. Dakika chache za kunitangulia kutoka tumboni hazijawahi kumfanya mtu awe mkubwa, ila kwetu ukishaitwa Kulwa unajiona umeota mvi.

Nimesikia kwamba nadhiri zako za kwanza, zilizokuwa ziwe Agosti, zimesogezwa mwaka mzima. Nimesikia uliambiwa asubuhi, ukalia, halafu ukaenda kufua kama kawaida. Hilo la kufua ndilo lililonishika. Ndiyo sababu ya barua hii. Lakini mimi unanijua, siwezi kwenda moja kwa moja mahali bila kupitia mnadani, kwa hiyo nivumilie nikupe habari kwanza.

Gemu langu limefika, dada. Shika Kamba iko kwenye simu za watu zaidi ya elfu nne. Iko hapa Mwakitolyo, iko Maganzo kwa wale wachimba almasi wanaojiona wao ndio wachimbaji na sisi wa dhahabu ni wakulima wa mawe, iko Bugarama, na kuna mtu mmoja Tunduru huko, simjui, analicheza kila siku. Yule mwalimu wa hesabu aliyesema kidato cha pili kwamba kichwa changu kinafaa kubebea ndoo, ukikutana naye msalimie. Mwambie ndoo imeandika programu. Programa wa kwanza Mwakitolyo ni mimi, na kwa jinsi ninavyowaona wenzangu, nitakuwa wa mwisho vilevile.

Nilivyojifunza unajua kidogo, lakini mwanzo wake sikukuambia. Nilipoacha shule nikaja huku kuchimba, nilishuka chini mara tatu tu. Mara ya nne nilifika mdomoni mwa shimo, nikavaa kofia, nikashika kamba, miguu ikakataa. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Nikasema ninaumwa tumbo, na hilo tumbo limeniuma mpaka leo. Nikafungua kibanda cha kuchaji simu, nikanunua laptopu ya mtu aliyekuwa anarudi kwao Singida, haina herufi mbili, nikawa najifunza kwa video za kwenye simu, bando likiisha nasubiri. Wewe ukawa unaniandikia kwamba unaniombea nisifukiwe na kifusi. Ulikuwa unamwombea mtu aliyekaa kwenye kiti cha plastiki.

Sasa nikueleze hilo gemu, kwa sababu najua huko hamruhusiwi simu na pengine unadhani ni risasi na magari. Halina risasi hata moja. Mmoja yuko chini anachimba, mwingine yuko juu ameshika kamba. Wa chini haoni juu, wa juu haoni chini. Kila mmoja ana simu yake. Wa juu akivuta haraka, mwenzake anagonga mwamba. Akichelewa, hewa inaisha. Walicho nacho ni kusikilizana tu. Peke yako huwezi kulicheza, hata ukiwa na akili kama zangu.

Niliiga kazi ya huku. Mchimbaji haulizi kwanza kama mwamba una dhahabu. Anauliza leo nani yuko kwenye kamba. Na wakiwa wamegombana, mchimbaji na mshika kamba wake, hata kwa neno dogo la asubuhi, hashuki mtu. Wanakaa juu na hasira zao mpaka wapatane, hata siku nzima ipotee. Nimewaona wanaume wenye ndevu wakiombana msamaha kwa sababu ya uji, mmoja kavaa kofia tayari, mwingine kashika kamba.

Kuna jamaa anaitwa Marwa, Mkurya, mchimbaji kweli kweli, mteja wangu wa kuchaji. Akipanda kutoka shimoni, badala ya kwenda kuoga, anakaa kwenye benchi langu na vumbi lake, anacheza kuchimba. Nilimwuliza kama hajachoka na mashimo. Akasema la simu halina joto. Kisha akanisuta, akasema gemu langu ni zuri lakini ni la uongo, maana mle ndani mtu akifa anaguswa kidole, anafufuka, anaendelea, na kwamba aliyelitengeneza inaonekana hajawahi kushuka hata mara moja. Benchi zima likacheka. Nilimjibu kwamba hata aliyetengeneza jeneza hajawahi kulala ndani. Wakacheka zaidi, lakini safari hiyo walikuwa upande wangu.

Mapadre na walimu wanasema magemu yanaharibu vijana. Mimi siwakatalii, ila nawaomba waje wakae kwenye benchi langu wiki moja. Watamwona kijana mwenye laini tatu za simu na hana wa kumpigia. Watawaona watu wanne wamekaa bega kwa bega, kila mmoja anamcheka mtu aliye mbali. Upweke huo gemu halikuuleta, liliukuta umeshakaa, likavuta kigoda. Jamaa mmoja wa Dar es Salaam mwenye kampuni aliniandikia kwamba atalichukua gemu langu endapo nitaweka uwezo wa mtu kucheza peke yake, akili mnemba ikishika kamba badala ya mtu, kwa sababu watu wengi siku hizi hawana mwenza. Nilimjibu kwa majivuno kwamba gemu la watu wawili ni la watu wawili. Nilijisikia mwanamume. Halafu nikafunga laptopu, nikaweka simu mbili mezani, moja mkono wa kushoto, moja wa kulia, nikacheza mwenyewe pande zote mbili. Ndivyo ninavyocheza siku zote, dada. Mkono wa kushoto ni Kulwa, wa kulia ni Doto. Kulwa ndiye yuko kwenye kamba. Mkono wangu wa kushoto ni mzito, unaniua mara kwa mara.

Kilichofanya watu walipende ni sauti. Nilihitaji sauti ya mtu mzima anayemwelekeza mshika kamba, nikaenda nyumbani, nikamwekea Baba Mdogo simu mbele ya mdomo, siku mbili nzima, chini ya ghala la mtama. Nilimwambia aseme, akawa anasema. Vuta. Acha. Legeza, ng'wanawane, mwanangu. Pole pole, kuna mtu chini. Unajua sauti yake ilivyo, kama gunia linaburutwa. Baada ya hapo alichoka kusema ya kamba, akaanza kusema ya kwake, ng'ombe, mvua, marehemu baba yetu, na mimi sikuzima. Watu hapa wanamwigiza mpaka kilabuni. Alipokuja mara moja kunitembelea, wachimbaji walimzunguka wakitaka awaambie vuta, akawaambia, wakapiga kelele kama wameona mchezaji wa mpira. Alifurahi mzee. Alisema tangu azaliwe hajawahi kutiiwa na watu wengi hivyo, na nyumbani hata mbuzi hawamsikilizi.

Sasa nifike.

Ile barua uliyoniandikia baada ya Pasaka ninayo. Uliniandikia kwamba baba hayupo na mama hayupo, kwa hiyo Baba Mdogo atakupeleka altareni, lakini mimi ndiye ninayetakiwa zaidi, kwa sababu kwetu pacha mmoja hatoki nyumbani, kwa ndoa wala kwa lolote, mpaka mwenzake aulizwe mbele za watu, aseme kwa mdomo wake kwamba amemwachia. Ulisema umeshamweleza Sista Bernadina na amekubali niulizwe kabla ya misa, uani kwenu, mbele ya ndugu. Ulisema neno langu ni moja tu, nisiogope. Mimi nikakujibu kwa utani, nikauliza kama kutakuwa na pilau, nikauliza kama watakunyoa kipara. Sikujibu ulichouliza.

Nililifikiria hilo neno moja miezi miwili. Nikisema ndiyo, umekwenda, na mimi nabaki na nani, dada? Nikisema hapana mbele za watu, wewe ukiwa umesimama pale na mavazi yako, huo ni uuaji. Mtu mwenye akili angekuja akakuambia hivyo hivyo, kwamba ameshindwa. Mimi si ndiye programa?

Mwezi wa sita nilichukua ile sauti ya Baba Mdogo, yote, ya kamba na ya ng'ombe na ya marehemu, nikaiingiza kwenye programu moja ya mtandaoni. Ilichukua muda mfupi kuliko kupika maharage. Ukishaandika neno, yeye analisema, na gunia lake lile lile, na kule kukohoa kwake katikati. Nikaandika maneno. Nikayapanga kwenye vitufe, kila kitufe na jibu lake, kama ninavyopanga gemu. Kisha nikampigia Sista Bernadina.

Baba Mdogo hakupiga simu ile, Noela. Hajawahi kusema familia haijaridhia. Hakujua hata kama kuna simu. Nilikuwa mimi, kibandani kwangu, mchana kweupe, mlango nimefunga, laptopu magotini.

Sista, nisamehe, na wewe nisikie. Ulisalimia, nikabonyeza marahaba. Uliuliza habari za mvua, nilikuwa na kitufe cha mvua. Ulipouliza kuhusu nadhiri nikabonyeza lile refu, kwamba ukoo umekaa na haujaridhia, msimpokee mpaka tutakaposema. Kisha ukauliza kitu ambacho sikukitegemea. Uliuliza huyo pacha wake, Doto, yeye anaendeleaje, maana Noela anamtaja kila siku kwenye sala na wanovisi wote sasa wanamjua. Kwa hilo sikuwa na kitufe. Nilitafuta juu, nikatafuta chini, nikabonyeza cha karibu, na Baba Mdogo akasema pole pole, kuna mtu chini. Wewe ukasema asante, Mzee, tutaendelea kumwombea. Nikakata simu. Nilikaa pale mpaka Marwa akaja kugonga akidai simu yake.

Nilidhani itakuwa mwezi, miwili, nitajikaza, nitakuja. Sikujua mtasogeza mwaka.

Halafu mwezi wa tisa Baba Mdogo alitokea kibandani na barua yako. Unajua macho yake na herufi hayapatani, na Mama Mdogo ndiyo kabisa, kwa hiyo alipanda gari mpaka huku ili nimsomee mimi, maana alisema barua ya Kulwa isomwe na Doto. Alivua kofia. Akakaa kwenye kiti changu cha plastiki, mikono magotini, kama mtu anayesubiri kuhesabiwa. Nikafungua. Ulikuwa umeandika kwamba umemsamehe kwa ile simu. Kwamba hukumchukia hata siku moja, kwamba ulilia kwa sababu ni yeye aliyewahi kukubeba mgongoni mpaka zahanati na hukudhani angekufungia njia kupitia kwa mtu mwingine bila kukuambia mwenyewe. Kwamba unaheshimu neno lake, na utasubiri.

Yote hayo niliyasoma kwa macho. Kwa mdomo nilimsomea kwamba Kulwa ni mzima, anawasalimu wote, bustani imestawi, na anakumbuka michembe ya nyumbani. Nilibuni mstari baada ya mstari, nikigeuza ukurasa mahali pa kugeuza. Akaniomba nirudie pale pa michembe. Nikarudia. Akanishukuru, wabeja, akakunja barua, akaiweka mfuko wa moyoni. Kumbe alipofika nyumbani alimwambia Mama Mdogo akate viazi vyote, vikaanikwa juu ya mwamba, na hilo gunia la michembe mlilolipokea bila maelezo, wewe pengine ukadhani ni mzee anaomba radhi, lilitoka kwenye mdomo wangu.

Nilivumilia wiki sita. Kila nikiweka simu mbili mezani, sauti yake inasema vuta, na mkono wangu wa kushoto hautaki kuvuta. Jumatano iliyopita nilikwenda nyumbani nikamwambia. Nilimwambia akiwa anakamua, nikidhani akiwa na kazi mikononi atanipiga kidogo. Hakunipiga. Alitaka aisikie hiyo simu. Laptopu ilikuwa imeirekodi, nikamwekea. Alisikiliza ameinamisha kichwa, ng'ombe anampiga na mkia, mpaka mwisho. Kwanza akauliza huyu mtu amekula nini, maana yeye akikohoa huwa anakohoa mara mbili na huyu anakohoa mara moja. Nilicheka, mjinga mimi. Alipoona nacheka akasimama. Akasema yeye hajui hizo mashine na hana ugomvi nazo, lakini mtoto wake amekaa miezi mitano akijua kwamba yeye, Mwigulu, ni mtu wa kusemea mbali. Akasema jambo la kumkatalia binti wa ndugu yake angelitembelea kwa miguu hata kama ni Geita. Na akasema maziwa yamepoa, niyapeleke ndani.

Jioni, tumekaa mlangoni na bado jua lipo, aliniomba kitu kimoja. Niitoe sauti yake kwenye gemu. Nimeitoa, dada. Tangu Ijumaa kamba ya Shika Kamba inapanda kimya. Watu wananitukana, yule wa Tunduru ameandika maneno ambayo siwezi kuyaweka kwenye barua ya mnovisi, na Marwa ameuliza mzee amekufa au amesafiri. Nilimwambia mzee yupo kwake. Jamaa wa Dar naye ameandika tena. Sijamjibu.

Basi barua hii haiji kwa posta. Anakuja nayo Baba Mdogo mwenyewe, keshokutwa Jumanne, na ile ya kwako ya mwezi wa tisa anayo mfukoni. Nimeshamsomea upya, neno kwa neno, na hiyo barua yako ndiyo iliyomtoa machozi, kwa ile simu yangu hakulia. Sista Bernadina, nakuomba usimpigie simu kwanza kuhakikisha. Mpe kiti, umtazame mdomo akisema. Akikohoa utahesabu mara mbili. Atakuambia alivyo, kwamba ameridhia tangu mwanzo, na kosa lote lina mwenyewe, na mwenyewe anaitwa Theonest Doto. Kama mwaka mliouongeza unaweza kurudishwa, rudisheni. Kama haurudi, basi adhabu iwe yangu, asibebe Noela.

Na mimi, dada, nitakuwa nimefuatana naye. Simu zote mbili nitaziacha kwa Marwa. Lakini sitaingia. Nitakaa nje ya geti lenu, upande wanaposhushia mahindi. Sijaja kukushawishi wala kukuchekesha. Nimejaribu kulisema hilo neno moja kibandani, makarasha yakinguruma, sikulisikia hata mwenyewe, kwa hiyo sijui litatoka vipi. Usijifanye mtakatifu kwa ajili yangu. Ukiwa na hasira, kaa nayo, nitaondoka na gari la saa kumi na Baba Mdogo atabaki mzungumze. Lakini ukitaka niulizwe, mwombe Sista atoke yeye mwenyewe mpaka getini aniite. Amezungumza na mimi mara moja na hajawahi kusikia sauti yangu.

Wasalimie wanovisi wenzako wote, hasa hao wanaoniombea bila kunijua, waambie wapunguze sifa zangu kwenye hizo sala. Msalimie Mama Mkuu. Goti lako lipakwe mafuta ya moto. Mungu akulinde, Kulwa, na akulinde vizuri kuliko nilivyokulinda mimi.

Ni mimi mdogo wako kwa dakika chache,

Theonest Doto